Vumbi Kwenye Mikunjo ya Barua

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo nimeamua kukueleza kila kitu bila kuficha, hata yale ambayo Shangazi amesema nisikuandikie. Sisi hatujambo, ila jino linamsumbua Shangazi. Kifua chako kinaendeleaje?

Kwanza, nimekuwa wa tatu darasani. Pili, nimelia mara mbili tangu uondoke, zote Jumamosi. Siku hiyo ulikuwa unatoka karakanani mapema, nami nakuzuia mlangoni nikutazame nyusi kabla hujanawa vumbi la mbao. Nyusi nyekundu, mninga. Nyusi nyeupe zenye harufu ya utomvu, msonobari. Zikiwa za manjano, nami nikapiga chafya, basi ni mvule. Sikukosea hata siku moja, ndipo ukaniita Pua. Sasa hakuna anayeniita hivyo. Shangazi huniita "wewe".

Jumamosi iliyopita nilifungua sanduku lako la randa. Kwenye kona kuna vumbi kidogo la mninga. Nilinusa mara moja tu, nikafunga haraka lisije likaisha.

Baba, bado unatunza ahadi uliyompa daktari, kwamba hutagusa tena mvule?

Mwanao,
Pua

22 Februari

Pua, mwanangu,

Marahaba, mama. Wa tatu! Nilishangilia mpaka wenzangu wakadhani nimepata mtoto mwingine. Hao wawili waliokutangulia waambie wakae chonjo. Na dada yangu akang'oe hilo jino, aache kulibembeleza kama mkwe.

Mimi mzima, kifua kimetulia. Kiwanda ni kikubwa, tuko watu arobaini na hakuna anayejua jina langu. Wananiita Mzee wa Msasa. Mchana nakula peke yangu kwenye ngazi ya nyuma, nasoma barua yako.

Mvule nimeachana nao kabisa. Hapa napiga msasa msonobari tu, tunatengeneza vitanda vya watoto. Nimekufungia vumbi lake kwenye kikaratasi, ulipime mwenyewe usije ukasema baba yako mwongo.

Baba yako

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama. Shangazi alikwenda kung'olewa jino, na sasa anagomba kwa upande mmoja wa mdomo.

Vumbi la kwenye kikaratasi ni la msonobari kweli. Ni jeupe na jepesi, nilipolipuliza liliruka lote. Lakini nilipoikunjua barua yenyewe nilipiga chafya tatu mfululizo. Nikaikung'uta juu ya jalada jeusi la daftari la hesabu. Kwenye mikunjo lilitoka vumbi la manjano, laini kuliko unga wa ngano. Nilijipaka kidogo mkononi, ngozi ikaniwasha mpaka jioni, kama ilivyokuwa inakuwasha wewe.

Baba, lile la kwenye kikaratasi ulilichagua. Hili la kwenye mikunjo limetoka mikononi mwako.

Sijakasirika, wala sijamwambia Shangazi. Nakumbuka tu mwaka jana, ulivyokuwa unalala umekaa, mgongo ukutani na mito mitatu, nami nahesabu pumzi zako kutoka kitandani kwangu. Tafadhali niandikie, hata mstari mmoja.

Mwanao,
Pua

19 Mei

Pua, mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kimya hiki kirefu. Hamjambo huko?

Umenikamata. Vitanda vya msonobari wanapewa wanaojifunza. Sisi wenye mikono iliyozoea tunapewa milango ya mvule, na barakoa moja kwa wiki. Niliona nikikwambia ukweli utashindwa kusoma darasani kwa wasiwasi. Lakini hayo yamepita, nimehamishiwa kwenye vanishi, mbali na vumbi. Sina shida yoyote. Usiwaze, mama.

Baba yako

28 Mei

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Nilishukuru sana kuona mwandiko wako, maana kila siku nilikuwa napita posta hadi karani akaanza kutikisa kichwa akiniona tu barabarani.

Barua yako nimeikung'uta mara mbili juu ya jalada jeusi. Haikudondosha kitu. Vanishi nayo naijua, ingenukia hata bahasha. Barua hii inanukia sabuni ya dawa, kama ya hospitali, na mistari yote imeteremka upande mmoja, kama ya mtu anayeandikia juu ya goti.

Nimemwambia Shangazi kila kitu. Nilidhani atagomba. Badala yake alikwenda kutoa magunia yake kwenye chumba cha nyuma. Alipomaliza akasema, "Mwambie arudi. Kaka yangu anajua kupima na kuchora. Kwani lazima ale vumbi?" Halafu akaniita Pua, Baba. Sikujua kama analijua jina hilo.

Chumba tumekipiga deki. Meza yako na sanduku la randa nimevifuta kwa kitambaa kibichi, kama daktari alivyoagiza, vumbi lisipeperuke. Hata lile la mninga la kwenye kona nimelifuta.

Nina swali moja tu, na nakuomba jibu lake lije kwa barua ya kwanza inayorudi huku. Usinieleze habari za kiwanda. Niambie hili peke yake: siku hizi unalala umejinyoosha, au unalala umekaa?

Mwanao,
Pua