Mguu wa Breki

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimetoka chooni mpaka sebuleni na ndala moja, bila kujua. Mke wangu ndiye kaona. "Baba watoto, nyingine umeiacha wapi?" Nikacheka. Sakafu sikuihisi kabisa. Halafu nikijilaza, miguu hiyo hiyo inawaka moto! Shuka likigusa vidole tu, nang'ata mto.

Jumatano, 5 Machi
Kliniki. Daktari kafurahi: virusi havionekani kwenye damu, miaka ishirini ya dawa bila kuruka hata siku moja, hongera sana! Nikavua viatu. Akanichomachoma kwa kijiti, macho nimefumba. Hapa? Kimya. Na hapa? Kimya. Alipokaribia goti ndipo nikasema ndiyo. Mishipa ya fahamu imekufa, anasema — virusi vyenyewe, na zile dawa za zamani nilizoanzia. Hairudi kama ilivyokuwa. Kanipa vidonge vya kupunguza moto. Akauliza kazi yangu.
Mlinzi wa geti, nikasema.
Uongo umetoka wenyewe. Naendesha basi la shule.

Ijumaa, 7 Machi
Vidonge vinasaidia! Moto umepoa. Lakini asubuhi nimesinzia kwenye taa nyekundu, honi za nyuma zikaniamsha. Matroni, yule dada anayepanda na watoto, akauliza kama niko sawa. Uchovu tu.
Vidonge nimeviacha.

Jumapili, 9 Machi
Soksi zimenishinda. Sijatoka.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekanyaga mafuta nikidhani ni breki. Pale getini shuleni. Basi likaruka, nguzo ikaondoka na kioo cha pembeni. Hakuna aliyeumia. Watoto wakashangilia — eti Anko Honi, ndivyo wanavyoniita, kafanya mchezo, rudia! Nikashuka, nikatapika nyuma ya tairi.
Mke wangu anasema nimwambie mwalimu mkuu, nitaje miguu tu, basi. Nikamjibu mke wangu: mwalimu ataniuliza miguu ina nini. Nikishataja kimoja nimetaja vyote. Yule mpishi wa shule, walipojua ana virusi, walimtengea kikombe mpaka akaondoka mwenyewe. Mke wangu naye anameza dawa za virusi kama mimi, saa ile ile.

Jumanne, 11 Machi
Saa tisa na nusu alasiri. Naandikia hapa kwenye usukani.
Mchana nimemwambia. Nimemkuta mwalimu mkuu ofisini, nimesema miguu yangu haihisi kitu, siwezi tena kubeba watoto. Nilisubiri swali. Hakuuliza! Alikuwa anatia saini karatasi zake. "Dereva, vumilia mpaka wiki iishe. Sina mtu mwingine. Ijumaa tutaongea."
Nikasema sawa, mwalimu. Nimesema sawa — mimi, kwa mdomo wangu.
Wamejaa wote. Wanaimba. Injini inanguruma. Nimeinama kuutazama mguu wa kulia: upo juu ya breki. Nikiinua macho kutazama barabara, sitajua tena uko wapi.
Matroni kagonga bodi. Twende, Anko!