Mbaazi za Jana Kisauni

Vivian! Uko? Hebu sikiza haya.

Nimeingia mkahawa mmoja hapa Kisauni, peke yangu na begi langu mgongoni, nikaagiza mahamri na mbaazi za nazi. Mama mwenye mkahawa akanichangamkia, "Karibu mwanangu." Halafu akamgeukia mpishi, akamwambia kwa Kigiriama: "Huyu mpe zile za jana. Ni mtu wa bara, hatajua."

Za jana! Mimi Jumwa, niliyelelewa Kaloleni kwa Wagiriama wenzake!

Nikangoja mpaka sahani ikafika. Zimechacha, shoga, zanuka. Nikasimama, nikamwambia kwa Kigiriama, kila mtu asikie: "Mama, hizi za jana onja wewe kwanza."

Akababaika. "Kumbe wewe ni mwenzetu! Si ungesema?"

Eti si ungesema! Nikamuuliza, "Kwani mtu wa bara hana tumbo?"

Mzee mmoja akasukuma sahani yake, akatoka. Wengine wakamfuata.

Sasa niko mkahawa wa ng'ambo ya barabara, kwenye kiti kinachomtazama yule mama. Mahamri ya moto, mbaazi za leo, na wateja wake wote wako huku. Kila nikimega, nampungia mkono. Sijashiba, na siondoki.