Injini ya Mzee Seif

Jumapili, 2 Machi 2014
Gari nimeosha mara mbili. Vumbi la Jeddah halina adabu. Lakini nani analia? Mimi ni mtu wa bahati. Mwezi uliopita nilikuwa Riyadh nalinda godauni, nachomwa na jua kama mahindi. Leo niko hapa Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha, dereva wa Mzee Seif, Mzanzibari, fundi saa mstaafu, kafili, yaani mdhamini wangu, anayenisalimia kwa Kiswahili. Yote kwa sababu ya baba yangu. Mzee aliponihoji kwa simu nilimwambia baba aliendesha gari moshi la mvuke, Mombasa hadi Kisumu. Halas, ikama yangu, kibali cha kuishi huku, ikahamishiwa kwake. Wenzangu wana vyeti. Mimi nina baba.

Jumanne, 4 Machi
Mzee kanionyesha. Injini ya gari moshi, ya shaba, ndefu kama mkono wangu, kaiunda mwenyewe kwa miaka kumi na moja. Ile ya kweli aliiona utotoni Unguja, picha kwenye kitabu cha shule: injini ya Waingereza ya mwendo wa kasi, mojawapo ya zile za mwanzo mwanzo. Gurudumu moja kubwa kila upande. Kwenye ile ya kweli linampita mtu kimo. Likizunguka mara moja limeshafika mbali. Shida ni kuondoka. Linateleza, mpaka reli imwagiwe mchanga. Nikatikisa kichwa kama profesa. Nikasema baba alikuwa akisema hivyo hivyo.

Haijawahi kuwashwa. Sasa mikono ya Mzee inatetemeka, macho yanafifia, na Jumamosi anapasuliwa moyo. Anataka aione ikikimbia, mara moja tu. Ijumaa nitaiwasha mimi. Kwani nani mwingine.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeiua.

Nilijaza maji tangi la nyuma. Nikadhani yanaingia yenyewe kwenye boila. Kumbe kuna pampu ya mkono. Mzee aliuliza, "Maji tayari?" Nikasema tayari. Mtoto wa dereva aulize maji yanaingiaje? Nikawasha spiriti. Mzee akainama, uso karibu na reli yake ndogo. Tukangoja. Boila kavu. Risasi ya maungio ikayeyuka, ikadondoka tone tone. Yeye alinusa kabla mimi sijaona.

Hakupaza sauti. Alinishika bega, akauliza kama nimeungua. Heri angenitukana.

Jumapili, 9 Machi
Hospitali. Walimpasua jana. Hali si nzuri. Binti yake, Bi Zuhura, kanipisha dakika chache. Nilikwenda kuungama, Mungu shahidi. Mzee akaniwahi. Akauliza baba yangu yu hai? Nikasema alishakufa.

"Basi n'kimkuta n'tamsalimia," akasema. "N'tamwambia mwanawe mtu mwema. Na hayo maji n'tamuuliza yeye."

Nikacheka. Sikuungama.

Alhamisi, 13 Machi
Mzee kazikwa jana. Bi Zuhura kanipa injini. Anasema Mzee aliagiza apewe mtoto wa dereva. Nimeizungushia taulo, nimeiweka chini ya kitanda. Siwezi kuitazama.

Baba yangu hakuendesha gari moshi. Sikuwahi kumjua. Hata jina.