Alama Zilezile za Kiangazi

Shemeji Terrence,

Mama yenu hajambo, na pai yake ya maboga imetufikia.

Unajua kila kiangazi timu huwapima wachezaji kumbukumbu, ili mtu akigongwa kichwa apimwe tena walinganishe. Unajua pia kaka yako Lamar kipimo hicho cha kiangazi hukosea makusudi, apate alama za chini. Hutamba, "Nikigongwa nitafaulu tu, nimewapiga chenga!"

Jumapili aligongwa, akatolewa uwanjani kama sheria inavyotaka. Jana kapimwa. Daktari kamwambia, "Alama zako ni zilezile za kiangazi. Ruksa kucheza."

Nilidhani atarudi akitamba. Aliketi jikoni bila kuvua koti, akasema, "Yolanda, safari hii sikukosea makusudi hata swali moja."

Jumapili ijayo anarudi uwanjani. Mimi hanisikii. Njoo, shemeji.

Mke wa kaka yako,
Yolanda