Ubao wa Fyuzi Zisizokatika

Mjukuu wangu Rukia,

Amani iwe kwako na kwa mwanao. Nimefurahi kusikia ameota jino. Huku Tanga tu wazima, goti langu tu ndilo linalonung'unika. Unauliza kama ule ubao wa fyuzi za kauri, katika nyumba yetu ya Mikindani unamoishi, bado unafaa.

Nilipokuwa msichana, fyuzi zilikatika kila tulipofanya Maulidi na kuwasha taa nyingi. Baba akazifunga waya mnene wa shaba, kisha akamtambia fundi wa umeme, "Mwaka wa tatu huu, hazijakatika hata mara moja!"

"Ndiyo maana naogopa, mzee," fundi akamjibu. Akazima umeme, akaubandua ubao. Nyuma ulikuwa mkaa mtupu. Miaka mitatu moto uliishi ukutani, nasi tukisoma kasida mbele yake, na taa haikupepesa.

Fyuzi ilikuwa ikikatika ili sisi tusiungue, nasi tukaiona mbovu.

Ubao unaouulizia ndio aliouweka fundi siku ile. Umemzidi mama yako umri, na hatujui nyuma yake kukoje. Usiufungue, mwite fundi mwenye leseni. Mpaka aje, mchukue mtoto mkalale kwa shangazi yako, kule Chikongola, hata kama taa zinawaka vizuri.

Bibi yako