Sweta la Sadhbh na Zamu ya Jumamosi

Nenagh, 4 Julai 2018

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Goti linaendeleaje? Sisi wazima. Simu yangu imekatwa, ndiyo maana naandika.

Binti yangu Sadhbh amepata sekondari. Wanataka sweta lenye nembo ya shule, na sweta hilo peke yake linameza mshahara wangu wa siku nzima pale kwenye duka la mikate. Serikali husaidia mavazi ya shule, ila kipato cha wiki kisizidi kikomo chao. Nimejumlisha mshahara na posho ya mtoto, nimezidi. Kidogo tu, lakini kuzidi ni kuzidi. Mtoto ameapa bila sweta hatoki nyumbani, na tangu Colm atuache sina wa kumwomba. Basi Ijumaa ya wiki ijayo namwambia bosi wangu Mossie ampe mwingine zamu yangu ya Jumamosi, nishuke chini ya kikomo.

Mwanao, Dervla

Belmullet, 11 Julai

Dervla,

Mungu na Maria wawe nawe. Goti liache, halijaniua.

We mtoto, una wazimu? Uache kazi kwa ajili ya sweta? Nimepanda basi hadi mjini, nikamsomea binti wa ofisi ya misaada barua yako. Akacheka! Posho ya mtoto haihesabiwi. Kila mama anapewa, tajiri kwa maskini. Nimeona haya, maana kosa hilo umelirithi kwangu. Enzi za baba yako hiyo ndiyo ilikuwa pesa pekee yenye jina langu, nami nikiiita mshahara wangu mbele yenu. Bila posho hiyo hujazidi kitu. Omba! Na Mossie usimwambie neno!

Mama yako

Nenagh, 17 Julai

Mama,

Hujambo? Barua yako imefika Jumatatu, na Mossie nilishamwambia Ijumaa. Nilikimbia na aproni mwilini kumwomba anirudishie zamu.

"Nikurudishie nini?" akasema. "Kila kiangazi mmoja wenu anashikwa na kichaa cha kuacha kazi. Mimi najifanya kiziwi mpaka kimtoke."

Nikamkumbatia, tukajaa unga wote wawili. Maombi nimeshatuma. Niombee.

Dervla wako

Belmullet, 20 Agosti

Dervla, hamjambo? Mbona kimya? Wamejibu au hawajajibu? Kila Misa nawasha mshumaa, padri ataanza kunidai nta.

Mama

Nenagh, 29 Agosti

Mama yangu,

Tu wazima, tena wazima hasa! Pesa imeingia Ijumaa. Nisamehe kukaa kimya, niliogopa kuandika nisije nikajitia nuksi. Sweta nimenunua kubwa, mikono inamfunika vidole. Analalamika anafanana na mti wa kutundikia nguo. Acha alalamike, atakua. Na Jumamosi nilikuwa kazini kama kawaida.

Leo ndiyo siku ya kwanza. Nilisimama mlangoni nikingoja aniage, machozi yananilenga. Akakaza mwendo na sweta lake, kona akaikata bila hata kugeuka. Oh, mama, nilivyofurahi kumwona haogopi kitu!

Mwanao, Dervla