Mama Wadha na Karafuu za Konde

Mama, mwaka umetimia tangu tukuzike hapa Mudhaibi, Oman, na dele lako la kahawa bado halijapata mwenyewe. Kila anayelishika anaambiwa kapika maji ya kuoshea vikombe. Ulitudekeza.

Wagonjwa wako wa Nizwa wanakuulizia mpaka leo. Nesi gani yule, aliyekuwa akigomba kwanza, kisha akikaa kumshika mtu mkono mpaka akapata usingizi! Hata mafundi magari wa Firq, uliokuwa ukizozana nao bei asubuhi na kuwapelekea sambusa jioni, walikuja kutupa pole.

Ulipenda kutusimulia habari za baba yako, babu Hazim: alivyotoka hapa kijana, mikono mitupu, akafika Pemba, akamiliki mashamba ya karafuu Konde mpaka akaitwa bwana mkubwa. Wengine katika ukoo huishia hapo, kwenye nyumba ya ghorofa na punda mweupe. Wewe ulitwambia pia ni nani waliopanda juu ya mikarafuu hiyo, na kwamba babu alimuoa mmoja wa wachumaji, Mwanakombo, akazaa naye Asya. Baada ya mapinduzi mashamba yakachukuliwa, nyinyi mkaja Oman, na Mwanakombo akagaiwa eka tatu katika shamba lilelile. Asya akabaki kulilima.

Kaka yako, Mjomba Maen, hakutaka jina hilo litajwe. "Mtoto wa shamba huyo," akisema, "na shamba letu wamelila."

Nawe hukumwachia hata siku moja. "Wamelila nani, Maen? Mtoto wa Hazim analima shamba la Hazim. Si limebaki nyumbani?"

Ulituusia: "Nikifa, mdogo wangu atajwe." Ukafariki, na tangazo la msiba likatoka bila Asya. Mjomba alikataa katakata, na mkubwa akishasema, nani atampinga mbele ya maiti? Iliniuma mno, mimi bintiyo Manar ninayeandika haya.

Lakini Mama, ulikuwa mjanja wewe! Miaka yote Mjomba alikunywa kahawa yako, akivuta harufu na kusema, "Wallahi hizi ndizo karafuu, si takataka za dukani," nawe ukimjazia kikombe, kimya. Shaaban hii kifurushi chako cha karafuu kikaja kama kawaida. Nikapika. Mjomba akanusa, machozi yakamlenga.

"Za Wadha hizi. Umezipata wapi?"

"Za mama mdogo Asya, Mjomba. Siku zote zilikuwa zake."

Alikaa na kikombe mpaka kikapoa. Tukadhani atakimwaga. Akasema, "Haya, mpigie."

Sauti ikatoka Konde, ya kizee, yenye woga: "Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu," akasema Mjomba. Akalia kama mtoto, sote tukalia naye. Tuliona uchungu kwamba hukuwepo kusikia. Kikombe kile akakinywa hivyohivyo, baridi.

Leo hitma yako inasomwa hapa Mudhaibi, na inasomwa Konde, chini ya mikarafuu ya baba yenu.

Wanaokukumbuka, kwa mpangilio alioutaka Mjomba mwenyewe: mdogo wako Asya binti Hazim, wa Konde, kaka yako Maen bin Hazim, wanao Manar, Muhanna na Arwa, na wajukuu wako wote wa Mudhaibi, Ibra na Nizwa.

Tumemtaja, Mama. Lala salama. Kukusahau hatutaweza.